Je, wajua kwa nini msimamizi wa jaribio la programu ya simu hakuonyeshi pa kubonyeza?

Umeitwa mahali, umekaribishwa kiti na soda, ukapewa simu yenye programu ambayo bado haijatoka. Umeambiwa ufanye jambo moja tu, tena dogo. Unakwama. Unamgeukia kijana aliyekukaribisha kwa bashasha zote: "Hapa nabonyeza wapi?" Naye, badala ya kukuonyesha, anakurudishia swali: "Ungekuwa nyumbani peke yako, ungebonyeza wapi?"

Wengi huona wanadharauliwa, au kwamba wako kwenye mtihani. Sivyo. Wameitwa ili wakwame mbele ya mtu anayetazama, kwa sababu watakapokwama wakiwa nyumbani hakuna atakayewaona. Wataifuta programu na maisha yataendelea. Msimamizi akionyesha kitufe kilipo, alichokuja kukitafuta kimepotea.

Na kwa kweli programu yenyewe bado haipo. Kilichomo kwenye simu hiyo ni prototaipu: skrini za mfano, siku hizi nyingi huchorwa kwa Figma, programu ya kusanifu skrini, ambazo ukizibonyeza zinakupeleka ukurasa wa pili na wa tatu, lakini nyuma yake hakuna seva wala shilingi inayosogea. Wengine huanza na karatasi na kalamu. Jeff Hawkins, aliyebuni Palm Pilot, kompyuta ndogo ya mkononi iliyoingia sokoni mwaka 1996, alianza na kipande cha mti alichokichonga kwa ukubwa wa kifaa alichokiwaza. Akawa anatembea nacho mfukoni, na kila alipopata miadi alikitoa akajifanya anaandika. Kabla hata waya mmoja haujaunganishwa, alikwisha kujua kama kinakaa vizuri mfukoni na ni mambo gani hasa atakayokitolea. Faida yake iko wazi: kuhamisha kitufe kwenye mchoro ni kazi ya dakika chache, ilhali kukihamisha baada ya mafundi kumaliza kuandika programu kunaweza kula wiki nzima na fedha za watu.

Lakini kwa nini msimamizi asiulize tu, "Umeionaje?" Kwa sababu atajibiwa kwa adabu. Mgeni aliyepakuliwa chakula akiulizwa kama ni kitamu atasema kitamu, hata kama chumvi imezidi. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Bangalore, India, ambapo watu waliombwa kuchagua kati ya teknolojia mbili. Walipoamini kwamba moja kati ya hizo imetengenezwa na anayewahoji, uwezekano wa kuipendelea uliongezeka mara 2.5. Mhoji alipokuwa mgeni kutoka nje anayehitaji mkalimani, ukapanda hadi mara 5. Sioni sababu ya kudhani kwamba Mbagala au Kisumu mambo yangekuwa tofauti sana, sisi tuliolelewa kutomvunja mtu moyo usoni pake. Ndiyo maana anayejua kazi hii hukusanya vitendo na kuyaweka maneno ya sifa pembeni.

Vitendo hivyo huanzia kwenye jinsi kazi inavyotolewa, na hapa ndipo majaribio mengi huharibika kabla hayajaanza. Tuseme programu ni ya kikundi cha vikoba, na tunataka kujua kama mwanachama anaweza kupunguza mkopo wake bila kumpigia simu mweka hazina. Msimamizi akisema, "Ingia kwenye Marejesho ulipe elfu ishirini," amekwisha kumsomea jina la kitufe. Mshiriki atalitafuta neno hilo kwenye skrini, atalipata, atabonyeza, na ofisini watashangilia bure. Afadhali aseme hivi: "Mama, mwezi uliopita ulikopa laki mbili kwenye kikundi. Leo umepata elfu ishirini unataka kupunguza deni. Fanya kama ungekuwa nyumbani." Halafu anyamaze.

Sasa tazama dole gumba. Linaelea juu ya Hisa, linarudi nyuma. Linashuka hadi chini kabisa, linapanda. Mama anafungua Mikopo, anakuta fomu ya kuomba mkopo mpya, anashtuka na kutoka haraka asije akakopa tena. Juu ya skrini kuna tarakimu mbili, akiba na deni, zote kubwa na zote za kijani. Anaisoma ya deni na uso unachangamka, kumbe ameidhania akiba. Kwa dakika hizo mbili mbunifu amejifunza mambo matatu ambayo dodoso lisingempa, na mama hajalalamika hata kidogo. Ukimuuliza mwishoni atakwambia programu ni nzuri sana, mwanangu, Mungu awabariki.

Ili hayo yasikike na si kuonekana tu, mshiriki huombwa afikiri kwa sauti: aseme anachokiona, anachokitegemea, kinachomtatiza. Njia hii ilitoka kwenye saikolojia, na Clayton Lewis wa IBM ndiye aliyeitambulisha kwenye majaribio ya kompyuta mwaka 1982. Watu wazima huona haya kusema peke yao, kwa hiyo ni vizuri msimamizi atangulie kuonyesha yeye mwenyewe kwa programu nyingine kabisa, hata ile ya kuweka kengele ya asubuhi. Mshiriki akikaa kimya muda mrefu, huulizwa "Sasa hivi unaangalia nini?" na basi. Ukimuuliza "Mbona hukubonyeza pale?" umemwambia amekosea, na kuanzia hapo atakuwa anakutazama wewe badala ya skrini.

Kuna ugumu mmoja ambao vitabu vya Wazungu haviugusi sana. Kijana kumtazama mama wa makamo akihangaika asimsaidie ni utovu wa adabu, na wote wawili wanalijua hilo. Dawa ni kulisema mapema, baada ya shikamoo na kabla ya simu kutoka: "Mama, tunaipima programu, hatukupimi wewe. Ukikwama, kosa ni letu. Nitakuwa nanyamaza mara kwa mara, usinione mkorofi." Na aliyechora skrini hizo asisimamie jaribio, kama mtu mwingine yupo. Akae nyuma aandike. Mchoraji hawezi kujizuia. Atanyoosha kidole tu.

Maandalizi mengine ni ya kawaida, lakini yakisahaulika yanauma. Washiriki wawe ndio watumiaji wenyewe; wafanyakazi wenzako wa ofisini wafanyie mazoezi ya mwanzo tu, ya kuhakikisha kazi zinaeleweka na skrini hazikatiki njiani. Lipa nauli na muda wao. Omba ridhaa kabla ya kurekodi sauti au video, maana Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ina yake ya 2022. Tumia simu inayofanana na wanazotumia wao. Mchoro unaopendeza kwenye simu ya bei mbaya ndani ya ofisi yenye kiyoyozi hauonekani kabisa kwenye Android ya bei nafuu iliyopasuka kioo na kuongezwa ukubwa wa maandishi.

Watu wangapi? Utasikia wakisema watano. Namba hiyo inatokana na hesabu za watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer za mwaka 1993: kwa wastani wa miradi waliyoipitia, mtu mmoja hufichua takriban asilimia 31 ya matatizo, wa pili hurudia baadhi na kuongeza mapya, na mkifika watano mmeshaona karibu asilimia 85. Lakini huo ni wastani. Mwaka 2003 mtafiti mwingine, Laura Faulkner, aliwapima watu 60, kisha akachomoa vikundi vya watano watano bila mpangilio: vipo vilivyopata asilimia 99 ya matatizo, na kipo kilichoambulia 55. Mimi nasimama upande wa Nielsen kwa sharti ambalo yeye mwenyewe aliliweka na watu hulisahau: ukiwa na bajeti ya watu 15, usiwaite wote kwa mpigo. Waite watano, rekebisha, waite watano wengine, rekebisha tena. Na usichukue watatu waliokwama kati ya watano ukaenda kumwambia bosi kwamba asilimia 60 ya wateja watakwama. Namba ndogo hivyo inaonyesha tatizo lilipo. Haipimi limeenea kiasi gani.

Prototaipu nayo ina upofu wake. Mtandao haukatiki humo, dirisha la namba ya siri halichelewi, hela haipotei njiani. Mbunifu makini huchora kwa makusudi skrini ya "muamala wako unashughulikiwa" na kuiacha ikae, aone kama mtu atasubiri au atalipa mara ya pili.

Mengine hayaonekani chumbani hata uchore nini. Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza kuijaribu M-Pesa kwa takriban wateja 500 jijini Nairobi na Thika, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Ilibuniwa kwa ajili ya kupokea mikopo na kulipa marejesho. Wateja wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kuhifadhi hela za mauzo usiku kucha, kuweka fedha mwanzo wa safari na kuzitoa wakifika, kutumiana wao kwa wao. Hakuna aliyewauliza kama wangependa hivyo, walionekana wakifanya. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, marejesho yalikuwa yamewekwa kando, na kilichonadiwa mabangoni kilikuwa kutuma pesa nyumbani.