Weusi wa shanga usikudanganye

Utotoni kwetu Dodoma, spika ya redio ikifa tulikuwa tunaipasua kutoa sumaku. Unaifunga kamba, unaiburuta kwenye mchanga wa korongo lililokauka, ukiiinua imeota ndevu nyeusi. Zile ndevu nyingi ni magnetiti, oksidi ya chuma. Sasa hivi maabara nasafisha protini kwa shanga ndogo kuliko unga, zilizojazwa oksidi hiyohiyo, na kila zikivutwa nasikia raha ileile ya korongoni.

Ila hizi zina adabu zaidi. Msumari ukiusugua kwenye sumaku, nao unageuka sumaku. Shanga zingekuwa na tabia hiyo zingeng'ang'aniana mabonge. Chembe za oksidi ndani yake ni za nanomita chache tu, ndogo kiasi kwamba ukiondoa sumaku, usumaku wao unaisha palepale na shanga zinatawanyika tena kwenye maji.

Watu wengi wakiona tope jeusi linakimbilia ukutani mwa tyubu wanadhani sumaku ndiyo imekamata protini. Sumaku haijui protini. Yenyewe ni mbebaji, anayekamata ni nikeli iliyofungwa juu ya shanga. Protini yangu hutengenezwa na bakteria wa E. koli, nasi huwa tumeiongezea mkia wa histidini 6, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Kila histidini ina pete ya imidazoli, na naitrojeni ya pete hiyo hushika nikeli. Bakteria wakishapasuliwa, namimina shanga kwenye maji yao, nazungusha taratibu nusu saa kwenye baridi, kisha tyubu inaingia kwenye kishikio cha sumaku. Dakika moja au mbili, maji yanabaki meupe, nayanyonya kwa pipeti.

Halafu kuosha, mara 3, kwa bafa, yaani maji yaliyotengenezwa yasiyobadilika pH ovyo, yenye milimola 20 za imidazoli kwa lita. Hiyo inatosha kuwashusha wadandiaji, protini zenye histidini mbili tatu za kubahatisha. Mwenye mkia wa 6 hashuki mpaka upandishe imidazoli hadi 300 hivi, ambapo pete zinazoelea zinakuwa nyingi mno na kumnyang'anya nafasi. Bafa iwe na pH 8 au karibu yake. Ikishuka kuelekea 6, histidini zinabeba protoni na mkia unaachia wenyewe. Na ukipima protini kwa mwanga wa nanomita 280, anzia sifuri kwa bafa hiyohiyo ya kuachishia, ile ya 300, maana imidazoli nayo hufyonza mwanga kidogo.

Nazipenda shanga kwa sababu moja kuliko nyingine zote: umeme ukikatika, sentrifuji, mashine ya kutenganisha vitu kwa kuvizungusha kasi, inasimama, sumaku inaendelea na kazi. Kwa miligramu nyingi lakini, bei yake haisemeki. Hapo narudi bila aibu kwenye safu ya agarosi, yaani bomba lililojazwa punje laini zitokanazo na mwani, nazo zikiwa na nikeli.

Agarosi ina uzuri mwingine ambao niliujua kwa kuchelewa. Wiki mbili nzima, kwenye jeli tunayopitishia protini kwa umeme ili zionekane, sehemu ya protini iliyosafishwa ilitoka tupu. Protini ilikuwepo kwenye maji ya mwanzo, ilikuwepo kwenye maji niliyonyonya, kwenye shanga hakuna kitu. Nikabadilisha bafa, nikalaumu bakteria, nikaanza kumtilia shaka hata aliyetuuzia. Binti ninayemfundisha akaziinua shanga kwenye mwanga akasema, "Kaka, mbona bado nyeusi? Ziko sawa tu." Nami nikakubali.

Kosa lilikuwa hapo. Agarosi yenye nikeli ina rangi ya bluu ya kijani, na nikeli ikitoka inapauka mbele ya macho yako. Shanga za sumaku ni nyeusi kwa ajili ya chuma cha ndani, kwa hiyo nikeli inaweza kuisha yote na weusi ubaki vilevile. Aliyeiondoa ni mimi. Vidonge nilivyotia kuzuia vimeng'enya visikate protini vilikuwa na EDTA, kemikali inayonasa metali, ambayo hukumbatia nikeli kuliko histidini inavyoweza. Imeandikwa kwenye lebo. Sikusoma.

Siku hizi, kabla ya kupitisha protini ya maana, naanza na ile ya kijani ing'aayo iliyotoka kwa kiwavi-bahari, iliyowekewa mkia uleule. Haihitaji jeli kuionyesha. Tunazima taa, binti anawasha tochi ya kukagulia noti. Kama kijani kimehamia kwenye lile doa jeusi ukutani na maji yamepoteza mng'ao, nikeli ipo. Kama maji yote bado yanang'aa, tunaacha kupoteza siku.

Kuna na suala la ukavu, ambalo maelekezo ya kwenye boksi hulitaja kwa mstari mmoja, nadhani kwa kuwa hayakuandikiwa Dodoma. Mwezi Agosti hapa midomo inapasuka, seuze mikrolita 50 za shanga. Niliwahi kunyonya maji ya kuoshea, nikapokea simu, nikarudi kukuta doa limepasuka kama tope la lambo la Oktoba. Shanga zikikauka zinagandana, na protini iliyoshikwa huharibikia hapohapo. Hata ukitikisa vipi hazirudi zilivyokuwa. Sasa bafa inayofuata huwa tayari kwenye pipeti ya pili kabla sijanyonya ile ya kwanza, na simu yangu anapokea binti.