Je, wajua kwa nini kodi ya pango hupanda kabla gesi haijauzwa?

Mtu akisikia gesi imegunduliwa kwao, hufikiri kwamba maisha yatabadilika siku itakapoanza kuuzwa, kumbe mabadiliko ya kwanza huletwa na habari yenyewe. Mtwara, kusini mwa Tanzania, ni mfano ulio wazi. Gesi ya Mnazi Bay, kwenye pwani ya mkoa huo, iligunduliwa mwaka 1982 na mji ukaendelea na korosho zake, lakini baada ya mwaka 2010, visima vya bahari kuu vilipokutwa na gesi nyingi, madalali wa viwanja walianza kukosa usingizi.

Sababu ni nyepesi: wageni wenye mishahara mikubwa hufika kwa mwezi mmoja, ilhali nyumba haijengwi kwa mwezi mmoja. Mwenye nyumba aliyeridhika na kodi ya miezi sita hudai ya mwaka mzima kwa mkupuo, tena kwa bei mpya. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ngazi ya mshahara wake ni ileile nchi nzima, haongezewi hata shilingi kwa kuwa anaishi penye gesi. Huhamia pembezoni mwa mji na kuanza kulipa nauli ya bodaboda ambayo zamani hakuijua. Wakati huohuo fundi mwashi hapumziki, na aliyerithi shamba kando ya barabara huuza viwanja. Kwa hiyo neema hugawanywa zaidi kwa kufuata nani alikuwa na ardhi tangu awali, kuliko nani anaishi karibu na kisima.

Ajira nazo hazizibi pengo hilo, kwani uchimbaji wa baharini huhitaji watu wachache wenye ujuzi wa miaka mingi. Kijana wa mtaani hupata ulinzi, udereva au kuchimba mtaro wa bomba, kazi ambayo huisha bomba likishafukiwa.

Serikali ilipoamua kusafirisha gesi kwa bomba hadi Dar es Salaam, wananchi waliandamana tarehe 27 Desemba 2012 wakisema “gesi haitoki”, na vurugu za mwaka 2013 ziligharimu maisha ya watu. Waliokuwa mbali waliita jambo hilo ubinafsi. Kwa maoni yangu hawakuwatendea haki, kwa kuwa mpangaji wa Mtwara alikuwa ameshaanza kulipia neema hiyo kila mwezi, kisha akaona viwanda alivyovitarajia vikielekea kwingine. Sheria huipa halmashauri ushuru wa huduma, yaani sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni, fedha ambazo zinaweza kujenga zahanati, ila hazishushi kodi ya chumba.

Bei ya mafuta duniani iliporomoka kuanzia mwaka 2014, na shughuli za utafutaji baharini zikapungua. Wageni walipofunga mizigo, aliyekopa benki ili ajenge nyumba za kupangisha alibaki na vyumba vitupu, na rejesho la mkopo halikumsubiri mpangaji.