Mtetemo sugu wa Benzi W123: kalamu kabla ya spana

Gari la zamani likianza kutetemeka barabarani, fundi hutazama matairi kwanza, na mara nyingi huwa hajakosea, kwa kuwa tairi lililosimama muda mrefu chini ya uzito wa gari hupoteza umbo lake na rimu ya chuma hupinda inapopiga mashimo. Taabu huanza pale ambapo matairi mapya yamekwisha kufungwa, balansi imefanywa, alaimenti imepimwa, na mtetemo bado uko palepale. Kuanzia hapo spea hununuliwa kwa kubahatisha, moja baada ya nyingine, mpaka mwenye gari achoke au fedha zimwishie. Mimi hushika kalamu kabla ya spana, kwa sababu kila kitu kinachozunguka chini ya gari kina kasi yake, na kasi hiyo hukokotolewa kabla hata jeki haijaguswa.

Nitatumia mfano wa gari moja nililolishughulikia, Mercedes-Benz 240D ya familia ya W123, yenye injini ya dizeli ya silinda 4 na giaboksi ya mkono ya gia 4. Mtetemo wake ulianza kusikika gari lilipokaribia kilomita 80 kwa saa, ukapanda kupitia sakafu na kiti, huku usukani ukiwa umetulia kabisa. Usukani uliotulia huyapunguzia shaka magurudumu ya mbele, lakini hausemi lolote kuhusu ya nyuma, wala kuhusu propela (mhimili unaopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi nyuma), difu (gia zinazoupokea na kuugawa kwa magurudumu ya nyuma) na injini.

Kwa kilomita 80 kwa saa gari husafiri mita 22 na kidogo kila sekunde. Tairi la 175 R14 likijiviringisha mzunguko mmoja hupita karibu mita 1.95, kwa hiyo gurudumu huzunguka kama mara 11 kwa sekunde. Difu ya gari hilo ina uwiano wa 3.69, maana yake propela huzunguka mara 3.69 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, yaani takriban mara 42 kwa sekunde. Kwenye gia ya nne, ambayo ni ya moja kwa moja, injini nayo huzunguka kwa kasi hiyohiyo, karibu mizunguko 2,500 kwa dakika. Mtetemo wa gurudumu lenye kasoro husikika kama mapigo mazito ambayo mtu anakaribia kuyahesabu; ule wa propela, wa mapigo 42 kwa sekunde, ni mngurumo unaofanya kioo cha ndani kionyeshe picha iliyofifia. Mteja alipozungumzia kioo kabla sijamuuliza, nilikuwa tayari nimeshaanza kuyaondoa matairi kwenye orodha ya washukiwa.

Kwa kuwa injini na propela huenda sawa kwenye gia ya nne, kipimo cha kasi pekee hakiwezi kuzitenganisha. Njia ya kuzitenganisha ni kurudi kasi ileile ya kilomita 80 ukiwa gia ya tatu, ambayo katika giaboksi hiyo ina uwiano wa takriban 1.4: sasa injini inazunguka haraka zaidi kuliko propela, na mtetemo ukibaki na mapigo yaleyale, injini imejitoa. Jaribio jingine ni kuweka gia huru kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, injini ikiendelea kuunguruma taratibu. Injini isizimwe kamwe gari likiwa katika mwendo, kwa sababu breki hutegemea pampu ya vakyumu inayoendeshwa na injini, na usukani wenye pampu nao huwa mzito. Katika 240D ile mtetemo haukubadilika katika majaribio yote mawili, isipokuwa kwamba ulizidi kidogo nilipokanyaga mafuta.

Siku hizi simu ya mkononi huweza kupima mapigo haya kwa programu inayosoma kihisi chake cha mwendo, nami huitumia simu ikiwa imebanwa kwenye reli ya kiti, kwani sponji ya kiti humeza mtetemo. Tahadhari ni moja: kihisi kinachochukua vipimo 100 kwa sekunde hakioni kwa usahihi kitu kinachozidi mapigo 50. Mtetemo wa mapigo 84 kwenye kihisi cha namna hiyo utajitokeza kama mapigo 16, na fundi asiyejua hilo atarudi kwenye matairi kwa uhakika wa uongo.

Mapigo 84 nimeyataja kwa makusudi. Propela ya W123 ina vipande viwili vinavyokutana kwenye senta beringi (beringi ya katikati inayoishikilia), ina raba kaplingi (diski ya raba ya kuunganishia) mbele na nyuma, na ina krosi jointi (kiungo chenye umbo la msalaba kinachoruhusu pembe) moja tu karibu na beringi hiyo. Krosi jointi inayofanya kazi ikiwa imekunjwa pembe haipeleki mzunguko kwa ulaini. Huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko, na hapo mapigo 42 huzaa 84. Katika magari yenye krosi jointi mbili, moja husawazisha kosa la nyingine. Hapa hakuna ya pili, kwa hiyo propela lazima ikae karibu na mstari mnyoofu, na chochote kinachoishusha, kuanzia mauntingi (kishikizo cha raba) ya giaboksi hadi ile ya difu, husikika kwenye kiti.

Kwa gari lile yote mawili yalikuwepo: mapigo 42 yenye nguvu na 84 hafifu. Nilishusha ekzosti na bati lake la kukinga joto, kwa kuwa propela haitoki bila hivyo. Mauntingi ya giaboksi ilikuwa imelainishwa na mafuta na kubonyea, mkia wa giaboksi ukashuka. Raba ya senta beringi ilikuwa imepasuka upande mmoja. Kisha niliona jambo lililoeleza mapigo 42: vipande viwili vya propela vilikuwa vimewahi kutenganishwa na kuunganishwa tena bila alama. Propela hufanyiwa balansi ikiwa nzima, kwa hiyo meno ya muungano yakikaa nafasi nyingine, balansi ya kiwandani inakuwa haina maana. Nukta mbili za rangi zinatosha kuzuia hasara hiyo.

Katika kufunga, raba kaplingi hukazwa kwa kuzungusha nati au bolti iliyo upande wa flanji ya chuma, ili raba isisokotwe na kubaki imevutwa. Bolti za senta beringi na nati kubwa ya muungano wa vipande viwili huachwa zikiwa zimelegea, gari hushushwa likasimama kwa magurudumu yake, husukumwa mbele na nyuma ili propela ijipatie urefu wake yenyewe, ndipo beringi inakazwa na nati ile inakazwa mwisho, kwa nyutoni-mita 30 hadi 40 tu. Anayeikaza gari likiwa bado limening'inia huifungia propela msukumo ambao beringi mpya italipia.

Baada ya mauntingi na beringi mpya, mapigo 84 yalipotea na yale 42 yakapungua bila kwisha. Kwa kuwa nafasi ya asili ya meno haikujulikana tena, propela ilipelekwa kwenye karakana yenye mashine ya balansi, ikapimwa ikiwa nzima, na alama za rangi zikapigwa palepale kabla haijatoka kwenye mashine.