Kabla hujakonveti hiyo video, angalia kwanza ndani yake kuna nini

Kazi yangu ni mafaili ya video na sauti, kuyakata, kuyapunguza saizi, kuyafufua yale yaliyogoma, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: video yangu haifunguki kwenye kompyuta, niikonveti kwa programu gani? Au inafunguka ila sauti ipo picha nyeusi, au picha ipo sauti hamna, au inakwamakwama mpaka unachoka kuangalia. Na wengi wakifika kwangu tayari wameshashusha programu tatu nne wasizozijua, moja imewawekea chapa yake katikati ya picha, nyingine imewabadilishia brauza, na video bado iko vile vile. Kwa hiyo leo nataka tuelewane kitu kimoja: usikonveti faili ambalo hujui lina nini ndani. Ukishajua, mara nyingi utakuta wala hukuhitaji kukonveti.

Ile .mp4 au .mkv au .mov unayoiona mwisho wa jina la faili haisemi video imetengenezwa vipi. Ile ni bahasha tu, na barua iliyomo inaweza kuwa imeandikwa kwa lugha yoyote. Lugha hizo ndo tunaziita kodeki, yaani njia ya kubana picha na sauti ili faili lisiwe kubwa kupita kiasi. Unaweza kuwa na MP4 mbili, majina yanafanana, saizi zinakaribiana, moja ndani ina H.264 ya mwaka 2003 ambayo karibu kila kifaa kinaijua, nyingine ina HEVC, wengine wanaiita H.265, ya mwaka 2013, na kompyuta yako ikafungua ya kwanza vizuri kabisa ya pili ikagoma. Halafu kuna AV1 iliyotoka 2018. Kubadilisha jina kwa mkono kutoka .mkv kwenda .mp4 hakufanyi chochote, umebadilisha maandishi ya juu ya bahasha, basi.

Sasa unajuaje kilichomo? Fungua video kwa VLC, ambayo ni pleya ya video, halafu bonyeza Ctrl na J. Kitatokea kidirisha kinachoonyesha kila mkondo uliomo, wa picha na wa sauti, na hapo utaona neno H264 au HEVC au AV1, ukubwa wa picha, na fremu ngapi kwa sekunde, yaani zile picha moja moja zinazopita haraka zikawa video. Hiyo tu. VLC kwangu ndo programu ya kwanza kuweka kwenye kompyuta yoyote. Ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris kule Ufaransa, mwaka 2001 ikaachiwa kwa leseni huria, na mpaka leo ni ya bure na haina matangazo. Nguvu yake ni kwamba inabeba kodeki zake yenyewe, haisubiri Windows iwe nazo. Ndo maana faili lililokataliwa na pleya ya Windows linafunguka kwa VLC bila neno. Na kwa sababu hiyo hiyo nakuomba sana usishushe yale mafurushi ya kodeki yanayotangazwa kwenye saiti usizozijua, ukiona ukurasa unakuambia "video hii inahitaji kodeki maalum, bonyeza hapa", funga huo ukurasa, hiyo ni njia ya siku nyingi ya kuingizia watu virusi.

Lakini kuna jambo VLC haiwezi kulitatua, na hapa ndo watu wengi wanapochanganyikiwa. Video inafunguka, ila inakwama, feni inapiga kelele, laptop inachemka. Mtu anadhani faili limeharibika, kumbe faili ni zima. Kufungua video iliyobanwa ni kazi nzito ya hesabu na kompyuta za sasa zina sehemu maalum ndani ya chipu inayofanya hesabu hizo peke yake bila kuisumbua prosesa nzima, ila sehemu hiyo inajua kodeki zile tu zilizokuwepo wakati chipu inatengenezwa, huwezi kuiapdeti ikajifunza mpya. Kwa upande wa Intel, HEVC ya kawaida ilianza kusomwa vizuri na chipu kuanzia kizazi cha sita cha mwaka 2015, na AV1 ikaja na kizazi cha 11 mwaka 2020. Kompyuta ya nyuma ya hapo itajaribu kufanya kila kitu kwa prosesa, kwa video ndogo itaweza, kwa 4K, yaani picha kubwa sana, itazidiwa. Wakati huo huo simu zimeenda mbele, iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 zinarekodi kwa HEVC kwa sababu inachukua karibu nusu ya nafasi ya H.264 kwa ubora ule ule, kwa hiyo video imetoka kwenye simu mpya inaingia kwenye kompyuta ya zamani na hapo ndo ugomvi unapoanza. Kama iPhone ni yako, nenda kwenye setingi za kamera, sehemu ya fomati, chagua ile inayosema Most Compatible, kuanzia hapo itarekodi kwa H.264. Faili litakuwa kubwa zaidi lakini litafunguka popote.

Turudi kwenye kukonveti, maana kuna kukonveti kwa aina mbili na tofauti yake ni kubwa mno. Ya kwanza ni kuhamisha barua kutoka bahasha moja kwenda nyingine bila kuigusa. Mfano una MKV ambayo ndani ni H.264 na tivii yako inataka MP4 tu, hapo huna haja ya kubana upya chochote. Kwa FFmpeg, programu aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2000 na ambayo ipo ndani ya programu nyingi sana za video unazozijua, ni mstari mmoja:

ffmpeg -i video.mkv -c copy video.mp4

Filamu ya saa mbili inahamishwa kwa sekunde chache na ubora haupungui hata nukta moja. Ikigoma kwa sababu kuna maandishi ya tafsiri ndani, ongeza -sn kabla ya jina la mwisho, itayaacha maandishi na kubeba picha na sauti. Kama hupendi ile skrini nyeusi ya kuandika amri, kuna LosslessCut, inatumia FFmpeg kwa ndani ila ina vitufe vya kawaida, na inakata vipande vile vile bila kubana upya. Ila ujue inakata vizuri pale penye fremu kamili, kwa sababu video iliyobanwa haihifadhi kila fremu nzima, inahifadhi moja kamili halafu zinazofuata zinaandika mabadiliko tu, kwa hiyo kipande chako kinaweza kuanza sekunde moja au mbili kabla ya ulipotaka. Kwangu hilo naona ni sawa kabisa.

Aina ya pili ni kubana upya, na hii kila ukifanya unapoteza kitu. Picha ikishapotea haitarudi. Mtu anachukua video ya HEVC, anaibana kuwa H.264, kesho anaikata anaseivu tena, keshokutwa anaituma kwa WhatsApp nayo inaibana tena, mwisho nyuso zimekuwa vibokisi na anasema kamera yake mbovu. Kwa WhatsApp dawa ipo, itume kama dokumenti badala ya kuituma kama video, faili litafika lilivyo, na tangu 2022 inapokea mpaka GB 2.

Ikibidi kubana upya kweli, tumia HandBrake. Ya bure, ipo tangu 2003, na haikuwekei chapa. Watu wanaiogopa kwa sababu ya vitufe vingi lakini kitu cha kugusa ni kimoja, ile slaida ya ubora inayoandikwa RF. Namba ikishuka ubora unapanda na faili linakua. Kwa video ya 1080p kaa kati ya 20 na 24, kwa 720p kati ya 19 na 23, kwa 4K unaweza kwenda 22 mpaka 28. Usiguse mambo ya kuongeza ukubwa wa picha, video ya 480p ukiigeuza 1080p haiongezeki uzuri, inaongezeka uzito tu. Na kama video imetoka kwenye simu na unataka kuiediti, chagua Constant Framerate pale kwenye kichupo cha Video, kwa sababu simu nyingi zinarekodi kwa fremu zisizo na kasi moja, mwanga ukipungua zinapunguza fremu, na programu nyingi za kuediti zikikutana na hilo sauti inaanza kuachana na midomo taratibu, mwanzo sawa, dakika ya kumi mtu anafunga mdomo sauti bado inaendelea.

Na kama unataka kujua faili litakuwa kubwa kiasi gani kabla hujaanza, hesabu yake ni nyepesi. Angalia kila sekunde ya video inabeba data kiasi gani: megabiti 1 kwa sekunde ni MB 7.5 kwa dakika, yaani MB 450 kwa saa. Video ya megabiti 5 kwa saa moja ni GB 2 na robo. Hapo unajua kama itaingia kwenye flashi au la. Na ukiona flashi ya GB 32 ina nafasi tele lakini inakataa faili la GB 5, flashi haijafa, imefomatiwa kwa FAT32 ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Hamisha vitu vyako kwanza, uifomati kwa exFAT, tatizo limekwisha.

Wale mnaorekodi skrini kwa ajili ya masomo au mikutano, OBS Studio inatosha, bure, Windows na Mac na Linux. Angalia tu unarekodi kwa fomati gani. MP4 ya kawaida inaandika faharasa yake, yaani orodha ya kipi kipo wapi ndani ya faili, mwishoni kabisa baada ya kubonyeza stop, kwa hiyo umeme ukikatika katikati au kompyuta ikizima unabaki na faili kubwa lisilofunguka, saa nzima ya kazi imekwenda. MKV haina shida hiyo, kilichorekodiwa mpaka pale kinabaki kizima. Rekodi kwa MKV, ukimaliza nenda menyu ya File chagua Remux Recordings, itakupa MP4 kwa sekunde chache, na hiyo ni ile aina ya kwanza ya kukonveti, hakuna kinachopotea.

Sauti sitakaa sana. Audacity, imekuwepo tangu 2000, inatosha kukata, kupunguza mvumo wa nyuma na kusawazisha sauti iliyo chini. Rekodi na uhifadhi kazi kwa WAV au FLAC, fomati zisizotupa sauti yoyote, toa MP3 mwishoni kabisa kwa ajili ya kugawa. WAV ya stirio yenye ubora wa CD inakula kama MB 10 kwa dakika, MP3 ya kilobiti 128 inakula kama MB 1, sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni vitu vilivyotupwa, ndo maana hutaki kuediti MP3 mara kwa mara.

Kuna jambo jingine linaniuma na silisemi kwa utani. Programu zinakufa. Microsoft waliacha kuitoa Windows Movie Maker tarehe 10 Januari 2017, na Flash, si flashi ya kuhifadhia bali ile programu ya Adobe ya kuchezea video na michezo kwenye saiti, ilifungwa rasmi mwisho wa 2020, kuanzia tarehe 12 Januari 2021 pleya yake yenyewe ikawa inakataa kufungua. Watu walikuwa na masomo yote ya shule ndani ya Flash. Wengine wana sherehe za wazazi wao kwenye mafaili ya projekti ya Movie Maker ambayo si video, ni orodha tu inayosema kipande gani kipo wapi, na vipande vyenyewe vilishafutwa. Kwa hiyo ukimaliza kuediti chochote toa video kamili, usiache projekti peke yake. Kwa vitu vya kudumu mimi naweka nakala mbili: faili la asili kama lilivyotoka kwenye kamera bila kuguswa, na nakala ya MP4 yenye H.264 na sauti ya AAC, kodeki ya sauti inayojulikana karibu kila mahali. H.264 ni ya zamani lakini uzee wake ndo faida yake, imo kwenye chipu za kila aina. Na moja kati ya hizo ikae kwenye diski isiyo ndani ya hiyo kompyuta.

Zile saiti za kukonveti mtandaoni sizikatazi zote, ila kumbuka unapakia faili lako kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Klipu ya kuchekesha sawa, video ya mtoto wako au rekodi ya kikao cha kazi hapana, hasa wakati HandBrake inafanya hayo hayo ukiwa hata intaneti umezima.

Kitu kipya ninachokifurahia zaidi miaka hii ni Whisper, OpenAI waliiachia Septemba 2022, inasikiliza sauti na kuiandika, na inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe bila kutuma kitu nje. Kiswahili kimo, ingawa makosa ni mengi kuliko kwa Kiingereza, majina ya watu yanapinda na maneno yanaunganishwa, kwa hiyo lazima upitie kwa jicho. Lakini kupitia maandishi yaliyokwisha andikwa na kuanza kuandika mahojiano ya saa nzima kutoka sifuri ni kazi mbili tofauti kabisa. Inakupa faili la .srt, yaani maandishi ya kuonyesha chini ya picha, liweke folda moja na video na ulipe jina lile lile, VLC italichukua yenyewe, na kama maandishi yanawahi au yanachelewa bonyeza G au H mpaka yakae sawa na midomo.