Fensi si kufuli

Wiki hii nimeletewa tena msimbo unaodhani fensi, ile alama ya kusubiri GPU (kichakataji cha michoro) imalize kazi, ni kufuli. Safari hii ni kijana tunayefanya naye kazi hapa Njiro. Ameandika funksheni saidizi ya mistari kumi na miwili: inashika kufuli la bafa (eneo la kumbukumbu ambalo GPU hulitumia), inasubiri GPU imalize, inaachia kufuli, inarudisha sifuri. Nikamuuliza nani ataiita. "Yeyote tu, dada. Si ndiyo maana ni saidizi? Fensi nayo ni kufuli, ila la GPU."

Fensi si kufuli. Nimelisema hili ana kwa ana, nimeliandika kwenye mapitio ya msimbo mara nisizozihesabu, na sasa naliandika hapa ili mwingine akija nimtumie kiungo.

Kufuli, yaani kile kinachozuia wawili wasiguse data moja kwa pamoja, lina mwenyewe. Mutex, kufuli la kawaida la kerneli (kiini) ya Linux, hufunguliwa na uzi uleule wa programu ulioifunga, na kwa sababu hiyo lockdep, kikaguzi cha makufuli cha kerneli, huweza kuchora ramani ya kipi kilishikwa kabla ya kipi, ikapiga kelele siku mpangilio unapogeuzwa. Fensi ni ahadi: kazi niliyoipeleka kwenye GPU itaisha katika muda wa kueleweka, na ikiisha ishara itapigwa mara moja tu, isirudi nyuma. Anayesubiri ni mmoja na anayepiga ishara ni mwingine kabisa, mara nyingi intarapti (kifaa kikiikatiza CPU) au uzi wa skedula (mpangaji wa kazi za GPU), na hao wawili hawajuani.

Umepeleka mahindi mashine ya kusaga pale Ngarenaro. Debe lako liko kwenye foleni, wewe umekaa kwenye benchi. Kusubiri hakumdhuru mtu. Lakini tuseme ufunguo wa stoo ya vipuri uko mfukoni mwako, na mkanda wa mashine umekatika. Msagaji hawezi kusaga bila mkanda, wewe huondoki bila unga, na jioni itawakuta hapo hapo. Foleni haina kosa lolote. Kosa ni ulichokishika wakati unasubiri.

Nikifika hapa huwa naambiwa, "Basi ni mpangilio wa makufuli tu, tutaupanga." Hapana, na ndipo subira yangu inapoishia, kwa sababu kuna kumbukumbu. Kumbukumbu ikipungua, kerneli hutafuta kurasa (vipande vya kumbukumbu) za kurudisha, na katika kutafuta huko inaweza kulazimika kusubiri fensi, kwa kuwa kurasa hizo bado zinatumiwa na GPU. Kwa hiyo mstari wowote wa msimbo ulio njiani kuelekea kupiga ishara hauruhusiwi kuomba kumbukumbu kwa GFP_KERNEL, ombi la kawaida linaloweza kusubiri kurasa zirudishwe. Ukiomba, siku moja kerneli itasubiri fensi ambayo ni wewe peke yako ungeipigia ishara, na wewe umesimama ukiisubiri kerneli ikupe kumbukumbu. Haitoshi kujizuia wewe. Hutakiwi hata kugusa kufuli ambalo mtu mwingine, kwenye faili usilowahi kulifungua, huomba kumbukumbu akiwa amelishika.

Kufuli la dma_resv, ndilo lile la bafa alilolishika kijana, ndilo mfano wenyewe. Draiva (programu zinazoendesha kifaa) zinaruhusiwa kulishika huku zikisubiri fensi. Hufanya hivyo zinapohamisha bafa kutoka kwenye kumbukumbu ya kadi. Ruhusa hiyo ina gharama yake: hakuna anayeruhusiwa kulishika akiwa njiani kupiga ishara. Hakuna. Hata kwa mistari miwili. Sasa weka kufuli hilo ndani ya funksheni saidizi yenye jina zuri, na anayeiita kutoka kwenye uzi wa skedula hataona kitu chochote cha kumshtua.

Najua gharama yake. Hitilafu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa kwenye laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ya GB 4, nyumbani kwa wazazi wangu Moshi. Mama akiwa kwenye simu ya video, kivinjari kimefunguka kurasa nyingi, skrini inaganda na kipanya nacho kinaganda, na kwenye logi hakuna neno. Mashine zetu za majaribio zenye GB 32 hazikuwahi kuganda hata mara moja, kwa hiyo tulikuwa tumeshaamini draiva ni salama. Sababu ilikuwa kzalloc (ombi la kumbukumbu) moja ndogo ndani ya funksheni saidizi niliyoiandika mwenyewe.

Tangu 2020 kuna dma_fence_begin_signalling na mwenzake wa kufungia. Ukizungushia njia ya ishara, lockdep huona kile ambacho zamani haikukiona. Zitumieni. Nami nakiri kwamba sina amani nazo kikamilifu. Hukemea pia njia ambazo kwenye kifaa fulani haziwezi kukwama kamwe, na kuna sehemu moja niliziondoa baada ya siku kadhaa za kufuata onyo lililotoka kwenye mfumo mwingine kabisa. Kila nikiisoma sehemu ile najiuliza kama nilikosea. Nina shaka pia na kulazimisha kazi za hesabu zinazokaa kwenye GPU saa nzima zitumie fensi hizi hizi: ahadi ya kuisha katika muda wa kueleweka haiwezi kutimizwa pale, na tukiilegeza kwa hao tumeilegeza kwa wote.

Mengine kwa haraka. Weka might_sleep(), inayoonya ikiitwa mahali pasiporuhusiwa kulala (kusubiri), juu kabisa, hata kama njia ya kawaida hailali, ili kosa lionekane siku ya kwanza. Usipokee bool (ndiyo au hapana) ya kuuliza kama kufuli limeshashikwa. Andika funksheni mbili, moja kwa kila hali. Na soma thamani inayorudishwa: dma_fence_wait hurudisha 0 ikifanikiwa, ilhali kwa dma_fence_wait_timeout 0 maana yake muda umekwisha. Nimeona msimbo uliobadilisha ya kwanza kuwa ya pili bila kugusa sharti la if.

Funksheni saidizi nzuri zipo. Chukua dma_resv_usage_rw, inayosema ni fensi zipi za bafa unazopaswa kuzisubiri. Ukiiambia unataka kuandika, inakupa READ, na kila mgeni hudhani ni kosa. Si kosa: mwandishi lazima awasubiri wasomaji pamoja na waandishi, msomaji huwasubiri waandishi tu. Haifichi kufuli wala haisubiri chochote.

Kwa kijana wangu, tuliketi mchana mzima. Nilimwonyesha kwanza kwamba kufuli lake halikumlinda na kitu: likishaachiwa tu, mtu mwingine anaweza kuongeza fensi mpya kwenye bafa kabla funksheni haijarudi kwa aliyeiita. Tena dma_resv_wait_timeout, inayosubiri fensi za bafa, haimdai mtu ashike kufuli lolote. Tukaigawa. Moja inachukua fensi kwa dma_resv_get_singleton na kuirudisha bila kusubiri. Nyingine inasubiri fensi iliyopewa, na haijui bafa ni nini. Ile ya kwanza bado huomba kumbukumbu ndani yake, kwa hiyo nayo haiitwi njiani kupiga ishara. Hilo ameliandika mwenyewe kwenye maelezo, mstari wa kwanza, juu ya jina la funksheni.