Kisahani changu hakina fangasi

Wiki hii nimetumiwa tena ile video. Jamaa aliyevaa koti jeupe anasema saratani ni fangasi, na ushahidi wake ni kwamba dawa ya fangasi ilipunguza uvimbe wa panya. Nimeacha kuhesabu ni mara ya ngapi. Safari hii aliyenitumia aliongeza: "Nyinyi wa maabara mnajua, mnanyamaza tu." Haya, leo sinyamazi.

Kazi yangu ni kukuza seli za saratani na kuzijaribia dawa. Adui mkubwa wa kazi hii ni nani? Fangasi. Unafungua inkubeta asubuhi unakuta vinyuzi vyeupe kama pamba. Kwenye hadubini vimetambaa kati ya seli kama mizizi. Unatupa kila kitu, unasugua rafu kwa alkoholi, unaanza kumtazama mwenzako kwa jicho baya. Kuzuia balaa hilo, wengine huweka amfoterisini B, dawa ya fangasi, kwenye maji ya kukuzia, kama robo ya mikrogramu kwa mililita. Fangasi hawathubutu kuota humo, lakini seli za saratani zinanenepa, zinagawanyika, zinajaza kisahani. Kama zingekuwa fangasi ningekosa kazi siku ya kwanza.

Kwamba dawa ya fangasi ilipunguza kasi ya uvimbe wa panya, ni kweli, sibishi. Mwaka 2010 maabara ya Philip Beachy huko Stanford ilionyesha kwamba itrakonazoli, dawa ya fangasi, inazima njia ya Hedgehog, mojawapo ya njia ambazo seli hupashana habari za kukua, kwa kuikamata protini yake iitwayo Smoothened, na medulublastoma ya panya, saratani ya ubongo wa nyuma, ikapunguza kasi ya kukua. (Hedgehog ni kalunguyeye: funza wa nzi wa matunda wenye hitilafu ya jeni hiyo huonekana wamejaa miiba. Watafiti wa nzi ndio pekee wenye utani katika biolojia.) Njia hiyo hufanya kazi kiinitete kinapojijenga, kisha hutulia, baadhi ya saratani huiamsha. Miaka mitatu kabla, watafiti wa Johns Hopkins walikuwa wamekuta dawa hiyohiyo inazuia kuota kwa seli za mishipa ya damu, ile mishipa ambayo uvimbe hujivutia ili ule.

Sasa hapa ndipo watu wa video wanaporuka, nami ndipo ninapopandwa na hasira. Itrakonazoli na flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi, ni ndugu. Zote huwazuia fangasi kukua kwa kuziba kimeng'enya kilekile cha kutengeneza ergosteroli, mafuta ya utando wao. Kwenye seli za mishipa ya damu, dozi ndogo sana ya itrakonazoli ilitosha kuzizuia. Flukonazoli haikufanya chochote cha maana. Flukonazoli! Dawa inayotibu fangasi wa Candida kila siku! Kama siri ingekuwa kupambana na fangasi, ndugu wote wawili wangefaulu. Kilichofanya kazi ni umbo la molekuli moja, yenye mkia mrefu, kugusa protini za mnyama ambazo hakuna aliyezifikiria ilipobuniwa. Ketokonazoli, ndugu yao mwingine, nayo ina kisa chake: kwa dozi kubwa hukata utengenezaji wa testosteroni, ndiyo maana iliwahi kutumika kwa saratani ya tezi dume. Fangasi hawamo.

Halafu kuna griseofulvini, dawa ya zamani ya fangasi wa ngozi na kucha. Ukiwalisha panya kwa wingi na kwa muda mrefu, inawaletea uvimbe wa ini. Kwa hesabu ya video, kuua fangasi kunasababisha saratani. Sijaona mtu akiitengenezea hiyo video.

Ila nami nina mashaka yangu. Itrakonazoli haipendi maji. Unaiyeyusha kwanza kwenye DMSO, kiyeyushi cha maabara, ndipo unaidondosha kwenye seli, na ukizidisha kidogo fuwele zinatokea kama sindano juu ya seli. Seli zikifa, zimeuawa na dawa, na DMSO, au zimechomwa tu? Nimewahi kufurahia matokeo ya wiki mbili kabla ya kuweka jicho kwenye hadubini.

Kupima uvimbe nako ni kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, mkononi: urefu mara upana mara upana, gawa kwa mbili. Milimita 10 kwa 8 ni milimita za ujazo 320. Mkono ukilegea upana ukasomeka 9, ni 405. Robo nzima ya uvimbe imeota kwenye vidole vyangu. Ndiyo maana sitaki kujua kizimba kipi kimepewa dawa. Na ile medulublastoma ya Stanford ilipandikizwa chini ya ngozi, mahali ambapo dawa hufika kirahisi. Ubongoni itrakonazoli hupenya kwa taabu.

Kinachonitia hofu hasa ni anayeimeza kimyakimya. Itrakonazoli huziba CYP3A4, kimeng'enya cha ini kinachoondoa dawa nyingi mwilini, vinkristini ya saratani ikiwemo. Ukizichanganya, vinkristini hurundikana na kuumiza neva: ganzi, miguu kukosa nguvu, utumbo kusimama. Daktari hawezi kukisia kidonge ambacho hujamtajia.

Nilimjibu aliyenitumia kwa swali moja: kama ni fangasi, mbona flukonazoli ilishindwa? Hajajibu. Ametuma video nyingine, hii ni ya dawa ya minyoo.