Ruzuku ya serikali kwa watetezi wa mlaji: bomba liko mkononi mwa nani?

Nikikaa na viongozi wa vyama vya walaji, swali la fedha halikawii. Tukipokea ruzuku ya serikali, nani atatuamini siku tukiikosoa? Hofu hiyo ina msingi. Ila kabla ya kuijibu, mimi huuliza fedha zenyewe zinatoka wapi na nani anaweza kulifunga bomba.

Mfano ninaoupenda ni wa India. Kiwanda cha sabuni kimetozwa ushuru kupita kiasi, kinadai kirejeshewe. Lakini ushuru ule kilishauingiza kwenye bei, akaulipa mama aliyenunua sabuni dukani. Kikirudishiwa, kitakuwa kimelipwa mara mbili. Mama naye hapatikani, pengine hata risiti hakupewa. Mwaka 1991 India ikarekebisha sheria: kiwanda kisipothibitisha kwamba mzigo kiliubeba chenyewe, fedha zinakwenda kwenye Mfuko wa Ustawi wa Walaji, ambao kanuni zake zilitoka 1992. Vyama vya hiari huomba humo ruzuku za kuelimisha umma au kupima bidhaa na kuzilinganisha. Hata mlalamikaji anaweza kufidiwa gharama za shauri likishaamuliwa.

Kodi mpya ya bidhaa na huduma ilipoanza 2017, mfuko haukufa. Tena mfanyabiashara aliyegoma kushusha bei ilhali kodi imeshuka aliweza kuamriwa airudishe faida ile. Wanunuzi wasipojulikana, nusu iliingia mfuko wa walaji wa serikali kuu na nusu ule wa jimbo. Kwa hiyo sehemu ya fedha hizi ni haki ya walaji wenyewe, imerudi kwa mlango mwingine.

Kasoro ipo, na si ndogo. Anayeamua nani apewe ni kamati ya serikali. Ruzuku ya mradi pia huisha na mradi. Hailipi pango wala haimbakizi mtafiti mzuri.

Ujerumani walilikabili hilo kwa njia nyingine. Stiftung Warentest, taasisi ya kupima na kulinganisha bidhaa, iliundwa na serikali mwaka 1964, jarida lake likaanza 1966. Bidhaa hununuliwa madukani kimyakimya kama mteja yeyote, na jarida halichukui matangazo. Serikali ilikuwa ikitoa ruzuku kufidia pengo hilo la matangazo, kisha ikaongeza mtaji wa taasisi ili isitegemee bajeti ya kila mwaka. Mtaji ukishatolewa, waziri aliyeudhika hana cha kuchelewesha. Kampuni nazo zilijaribu mahakamani: mwaka 1975, katika kesi ya vifungio vya viatu vya kuteleza thelujini, mahakama ya juu ilisema upimaji usioegemea upande, wa kitaalamu na wenye nia ya ukweli unalindwa hata ukimuumiza mtengenezaji.

Hapa Tanzania tuna mabaraza ya watumiaji kando ya wadhibiti, kama EWURA CCC (nishati na maji) na TCRA CCC (mawasiliano). Yana kazi yake, lakini ni vyombo vya kisheria. Chama kilichoanzishwa na wananchi ni kitu kingine, na ndicho kinachohangaika na wafadhili. Pendekezo langu ni sehemu ya faini za makosa dhidi ya mlaji iingie mfuko maalumu, kiwango chake kiandikwe ndani ya sheria, wagawaji wasiwe watumishi wa wizara peke yao, na ruzuku zitolewe kwa miaka mitatu mitatu.